Kubadilisha beringi ya gurudumu la mbele nyumbani bila presi

Beringi ya mbele ikianza kufa, gari huvuma. Mvumo huanza taratibu, mara nyingi ukivuka spidi ya 50 au 60, na hupanda kadiri gari linavyokwenda kasi. Ukiongeza muziki hutausikia, na ndiyo maana watu wengi hukaa nao miezi mingi wakidhani ni tairi au ni barabara. Lakini beringi iliyochoka haiponi. Gololi zake hukwanguana, joto hupanda, grisi huyeyuka na kutoka, gurudumu huanza kucheza, na mwisho wake ni gurudumu kukwama au kuchomoka barabarani. Hii ni spea inayobeba uhai wa watu waliomo ndani ya gari, kwa hiyo ichukulie hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Nitatumia Toyota Corolla NZE121, ile ya injini ya 1NZ-FE, kwa sababu imejaa barabarani kwetu na spea zake hupatikana karibu kila mji. Fielder, Runx, Allex na Spacio za kizazi hicho zina mpangilio uleule. Gari dogo lolote lenye beringi iliyosukumwa kwa nguvu ndani ya nako (chuma kizito kinachobeba gurudumu) litafuata hatua hizi, ingawa saizi za bolti zinaweza kutofautiana. Kama gari lako lina habu (chuma kinachofungiwa tairi) ya kufunga kwa bolti nne, ile inayokuja nzima na beringi yake, una bahati: utaifungua, utafunga nyingine, na sehemu ngumu ya mwongozo huu haikuhusu. Na kama ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 au Hilux ya zamani ya 4WD, beringi zake ni za roli za mshazari na hurekebishwa kwa nati. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Jambo moja ushike kabla ya kugusa spana

Beringi hii ina ringi ya nje, ringi ya ndani iliyogawanyika vipande viwili, na katikati yake safu mbili za gololi. Nako, yaani kile chuma kizito kinachobanwa na shokapu kwa juu na boljointi, kiungo kinachokiunga na mkono wa chini, kwa chini, huikamata ringi ya nje. Habu, kile chuma chenye stadi za kufungia tairi, huingia kwa kubana ndani ya ringi ya ndani.

Unapoingiza beringi kwenye nako, sukuma ringi ya nje peke yake. Unapoingiza habu kwenye beringi, tegemeza ringi ya ndani peke yake. Nguvu isipite kwenye gololi hata mara moja. Gololi hugusa ringi kwenye doa dogo mno. Ukipitisha hapo nguvu ya tani nzima, au pigo moja la nyundo, utaacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Beringi itazunguka vizuri mkononi, utafunga gari, utafurahi, na baada ya wiki chache mvumo utarudi. Beringi nyingi mpya zinazosemekana kuwa feki ziliuliwa siku ya kufungwa, kwa nyundo iliyopigwa mahali pabaya. Presi kubwa ya gereji, ile mashine ya kusukuma chuma ndani ya chuma, haikuepushi na kosa hilo; nayo huua beringi ikiwa aliyeshika mpini hajui anasukuma ringi ipi. Ndiyo maana kazi hii inawezekana nyumbani: kinachotakiwa zaidi ni kujua nguvu inapita wapi, kisha kuipitisha polepole.

Hakikisha kweli ni beringi

Endesha kwenye barabara tupu iliyonyooka, kisha yumbisha usukani kidogo kulia na kushoto. Ukipinda kulia, uzito wa gari hulalia upande wa kushoto. Mvumo ukiongezeka hapo, mshuku wa kwanza ni beringi ya kushoto. Kinyume chake pia ni kweli. Mvumo wa tairi lililoliwa vibaya haubadiliki sana unapoyumba, bali hubadilika ukitoka lami laini kwenda lami ya kokoto. Mlio wa "ka-ka-ka" unapokata kona kali huku unakanyaga mafuta ni wa jointi ya draivu shafti, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Na mvumo unaopanda na injini hata gari likiwa limesimama hauhusiani na magurudumu.

Sasa nyanyua gurudumu. Lishike juu na chini, ulitikise kwa kuvuta na kusukuma. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi. Likicheza ukilishika kushoto na kulia tu, angalia tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu. Halafu weka vidole juu ya springi ya shokapu na uzungushe gurudumu kwa mkono mwingine: beringi mbovu hupeleka mkwaruzo hadi kwenye springi, na utausikia kwa vidole hata kama masikio hayasikii kitu. Kipimo hiki nakiamini kuliko vyote, kwa sababu beringi nyingi huanza kuvuma kabla hazijaanza kucheza.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chasisi, si jina la gari tu. NZE121 ziko za aina kadhaa, zenye ABS (breki zinazozuia magurudumu yasikwame) na zisizo nayo, na beringi zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kipenyo au sili, yaani kizibo cha ubavuni. Ilala na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala utapata kila daraja la bidhaa, kutoka ya asili hadi ya kuiga. Koyo, NSK na NTN ni chapa za Japani zinazoaminika, na ndiyo sababu hughushiwa. Angalia namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe: iwe safi, ifanane na ya kwenye boksi, na herufi zisiwe zimepinda au kufutika ukisugua kwa kidole. Bei ikiwa robo ya ile ya maduka mengine yote, jibu unalo.

Pamoja na beringi, nunua sekilipu mpya (ile pete ya chuma yenye mdomo wazi inayozuia beringi isitoke), nati mpya ya draivu shafti, na pini mpya ya tairodi. Ni vitu vya bei ndogo, na vyote vitatu hupoteza nguvu vikishafunguliwa.

Kama gari lina ABS, uliza kama beringi ina sumaku kwenye sili yake. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana tena lile gurudumu la meno la kusomwa na sensa ya ABS. Sensa husoma ukanda wa sumaku uliofichwa kwenye sili ya upande mmoja. Gusa sili zote mbili kwa klipu ndogo ya karatasi: upande utakaoivuta kidogo ndio unaotakiwa kutazama sensa. Ukiigeuza, taa ya ABS itawaka na itabidi uvunje kila kitu upya. Usiiweke beringi ya namna hiyo karibu na spika, sumaku au vumbi la chuma.

Vifaa

Jeki, na stendi mbili imara za kuegemezea gari. Matofali hapana, tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Soketi za 10, 14, 17, 19, 21 na 30, pamoja na mpini mrefu na kipande cha bomba la kuurefusha. Nyundo ya kilo moja na nusu au mbili, tindo, bisibisi pana, koleo ya sekilipu, waya, brashi ya chuma, msasa mwembamba, mafuta ya kulegeza kutu, miwani ya kukinga macho. Grenda ukiweza kuazima, azima.

Badala ya presi utatumia fimbo ya chuma yenye nyuzi. Nunua ya milimita 16, daraja la 8.8 au zaidi, urefu wa sentimita 35 hivi, na nati nne za daraja hilohilo. Fimbo laini ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi hukatika nyuzi kazi ikiwa nusu. Kisha nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie bamba mbili za chuma zenye unene wa milimita 10 na tundu la kupitisha fimbo katikati, na kipande kifupi cha bomba nene ambacho beringi ya zamani inapita ndani yake bila kugusa. Hivyo tu. Paka grisi nyingi kwenye nyuzi na chini ya nati. Fimbo kavu hula nusu ya nguvu zako kwa msuguano.

Jioni ya siku iliyotangulia, ifunge beringi mpya ndani ya mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza. Sababu utaiona baadaye.

Kufungua

Gari liwe sehemu tambarare, hendibreki imevutwa, magurudumu ya nyuma yamezuiwa. Tairi likiwa bado limekanyaga chini, toa kifuniko cha katikati ya rimu. Nati ya draivu shafti ya 30 imegongwa ukingo wake ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Inyanyue sehemu hiyo kwa tindo nyembamba kwanza, la sivyo utaharibu nyuzi za shafti. Kwenye Corolla za kizazi cha nyuma, za 110, utakuta kofia na pini badala yake. Msaidizi akanyage breki kwa nguvu zote, nawe ulegeze nati kwa mpini na bomba. Ilegeze tu, usiitoe, na usilisukume gari baada ya hapo: nati hiyo ndiyo inayobana ringi mbili za ndani zisiachane, na gari likitembea ikiwa imelegea linaweza kuharibu hata beringi nzima.

Legeza nati za tairi, nyanyua, weka stendi, ondoa tairi na ulilaze chini ya ubavu wa gari. Stendi ikiponyoka, tairi litalipokea gari kabla halijafika chini.

Kama kuna waya wa sensa ya ABS, fungua bolti yake ya 10 na uichomoe sensa kwa upole. Imeshika kutu? Iache palepale, fungua waya wake kwenye plagi. Sensa nyingi hukatika kwa kulazimishwa. Fungua bolti mbili za 17 zinazoshika mkono wa kalipa (kibanio cha breki), itoe nzima na uining'inize kwenye springi kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake wa breki hata dakika moja. Toa diski.

Tairodi: toa pini, legeza nati hadi usawa wa ncha ya nyuzi, kisha piga nyundo ubavuni mwa mkono wa nako, pale msumari wa tairodi unapoingia. Usipige nyuzi. Mapigo mawili matatu makavu huiachia, na mpira wake unabaki salama. Boljointi usihangaike kuitenganisha na nako. Fungua bolti moja na nati mbili zinazoishikilia kwenye mkono wa chini, nayo itatoka pamoja na nako.

Kabla ya kufungua bolti mbili kubwa za shokapu, chora alama ya tindo au rangi inayovuka shokapu na nako, ili urudishe palepale. Kisha toa nati ya draivu shafti, uirudishe kwa mkono mpaka ilingane na ncha, weka kipande cha mbao na ugonge. Shafti ikianza kuingia, toa nati na uivute nako nje. Shafti usiiache ikining'inia wala usiivute kwa nje, kwa sababu jointi ya ndani inaweza kuachana. Ifunge kwa waya, ilale karibu na usawa wake wa kawaida.

Kutoa beringi ya zamani

Hapa, na hapa peke yake, nyundo ina ruhusa, kwa sababu unachokipiga kinakwenda kwenye chuma chakavu.

Laza nako juu ya mbao mbili nene, uso wa habu ukitazama chini na ukiwa na nafasi ya kudondoka. Tafuta soketi kubwa ambayo ni nyembamba kuliko tundu la beringi lakini inakaa kwenye ncha ya habu. Piga. Habu itatoka pamoja na nusu ya ringi ya ndani iliyoing'ang'ania. Gololi zinaweza kumwagika. Zikusanye mtoto asizichezee.

Ringi iliyobaki kwenye habu ikate kwa grenda, kwa mshazari, hadi ibaki unene wa ukucha. Simama hapo. Weka tindo kwenye mkato na upige pigo moja. Ringi ni chuma kigumu kilichopikwa, hupasuka kwa mlio mkali na kuachia. Vaa miwani. Kamwe usikate hadi kwenye habu, maana mfereji kwenye uso huo ni mwanzo wa ufa. Bila grenda, penyeza tindo nyuma ya ringi ukizunguka pande zote kidogo kidogo.

Rudi kwenye nako. Toa bati la vumbi la mbele na pete ya kukinga vumbi ya upande wa ndani, kisha sekilipu. Kwa gari lililopita sana kwenye maji ya mafuriko, kama yale ya bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam mvua zikikolea, sekilipu huwa imeoana na kutu. Mwagia mafuta ya kulegeza, subiri, safisha mfereji kwa ncha ya bisibisi, rudia. Beringi hutoka upande uleule wenye sekilipu, na mpya itaingia kwa upande huohuo. Upande wa pili una bega la chuma. Ukisukuma kuelekea huko unapigana na nako yenyewe.

Sasa fimbo. Upande wa sekilipu weka lile bomba nene, lizungukie beringi na kukaa juu ya chuma cha nako, bamba juu yake. Upande wa pili weka kitu cha mviringo kinachokaa kwenye ringi ya nje na kupita kwenye tundu: washa nene, au soketi kubwa. Pitisha fimbo, funga nati, kaza. Beringi itaingia ndani ya bomba ikilia "tak, tak". Ikigoma kabisa, peleka nako kwa fundi wa kuchomelea, avute mstari wa welding kuzunguka uso wa ndani wa ringi ya nje, gololi zikiwa zimeshatolewa. Chuma cha welding kikipoa hujikunja na kuivuta ringi, nayo mara nyingi hudondoka kwa pigo dogo la nyundo. Ni ujanja wa dakika chache unaoshinda saa mbili za kupiga. Boljointi iwe imeondolewa au imekingwa kwa kitambaa kibichi, mpira wake usiungue.

Itunze ringi ya nje ya zamani kama haijachomelewa. Isugue ubavuni kwa grenda mpaka iingie na kutoka kwenye nako bila kubana. Hicho ndicho kisukumio bora kuliko vyote kwa beringi mpya, maana kipenyo chake ni kilekile.

Kagua kabla ya kufunga

Safisha tundu la nako na uso wa habu kwa brashi, msasa mwembamba na kitambaa, mpaka kidole kipite bila kukwama. Hatua hii usiiruke. Chembe moja ya kutu hupindisha beringi inapoingia.

Ukiona beringi mpya inaingia kwenye nako kwa mkono, bila kubana, nako imekwisha. Wapo watakaokushauri ukate kipande cha kopo la soda uzungushie, au ugonge vidoti ndani ya tundu ili libane. Nakuomba usifanye. Kopo husagika, ringi ya nje inaanza kuzunguka ndani ya nako, na wewe uko kwenye mteremko na familia. Tafuta nako nyingine ya mtumba. Vilevile habu: kama ringi ya zamani ilikuwa imezunguka juu yake ikaacha uso wa bluu au mabonde, badilisha habu.

Kuingiza beringi mpya

Chuma hutanuka kikipata joto. Tundu la kipenyo cha milimita 70 likizidiana na beringi nyuzi 80 za joto, hupatikana nafasi ya karibu milimita 0.07, na kwa mbano wa kazi hii hiyo ni tofauti ya kuonekana. Beringi iko kwenye friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nako imwagie maji yanayochemka mara kadhaa, uifute ikauke kabisa. Usiipashe kwa moto wa gesi mpaka ibadilike rangi. Na beringi yenye sili usiipashe moto hata kidogo.

Fanya haraka lakini usipapatike. Kaza bamba moja upande wa bega. Weka beringi kwenye mdomo wa tundu, upande wa sumaku kama upo ukielekea sensa, juu yake ringi ya zamani uliyoisugua, juu yake bamba la pili. Kaza nati robo kwa robo. Kila baada ya robo mbili pima kwa rula kutoka uso wa nako hadi uso wa beringi, sehemu nne. Zikitofautiana, acha. Legeza, gonga taratibu upande uliotangulia ukitumia ile ringi ya zamani, anza tena. Beringi iliyoingia kwa kupinda hukwangua tundu na haitakaa sawa tena.

Utajua imefika mwisho kwa mkono: nati iliyokuwa ikienda kwa uzito ule ule ghafla inakuwa ngumu kama ukuta. Simama hapo, usiongeze. Weka sekilipu, ihakikishe imezama kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Izungushe kidogo kwa bisibisi uone inatembea. Ikikataa kuzama, beringi bado haijafika. Usiigonge kwa nyundo. Rudi kwenye fimbo.

Kuingiza habu

Kwanza rudisha bati la vumbi. Habu ikishaingia, bati halipiti tena, na kulisahau maana yake ni kuivua habu kwa kuivuta kupitia gololi za beringi mpya, yaani kuua beringi uliyoifunga sasa hivi.

Sasa ndipo penye hatari kubwa. Pitisha fimbo kwenye habu na beringi. Upande wa nje bamba likae juu ya habu. Upande wa ndani weka soketi au kipande cha ringi ya ndani ya zamani, kikae kwenye ringi ya ndani tu, kisiguse ringi ya nje wala sili wala nako. Chunguza kwa macho, chunguza tena kwa kidole. Ukitegemeza bamba kwenye nako kwa sababu ndiko kwenye nafasi pana, habu itaingia vizuri kabisa, na kila kilo ya nguvu uliyotumia itakuwa imepita kwenye gololi.

Kaza polepole mpaka habu ifike. Wengine huivuta habu kwa nati ya draivu shafti badala ya fimbo. Nyuzi za shafti hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na shafti ni ghali kuliko fimbo mara nyingi.

Zungusha habu kwa mkono. Iende laini, yenye ukinzani mdogo wa sili mpya, bila mkwaruzo wala kugotagota. Ikigota, jua sasa hivi kuliko baada ya kufunga gari zima.

Kama umefika hapa na kitu kimegoma, hakuna aibu kuibeba nako mkononi hadi karakana yenye presi. Kusukuma peke yake hakuchukui muda, na gharama yake ni ndogo kwa kuwa kufungua na kufunga unafanya mwenyewe. Simama pale uangalie wanategemeza wapi, na uwaambie.

Kurudisha

Paka grisi kidogo kwenye meno ya shafti, ipitishe kwenye habu, shika nako kwenye shokapu na mkono wa chini kwa bolti zisizokazwa bado. Linganisha alama za shokapu, kisha kaza zote kwa vipimo vya kitabu cha gari lako. Tairodi, pini mpya. Sensa. Diski, ifutwe grisi na alama za vidole kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto. Kalipa.

Nati ya draivu shafti kwenye Corolla hii hukazwa kwa Nm 216 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), gari likiwa bado kwenye stendi na msaidizi amekanyaga breki. Usishushe uzito wa gari kwenye beringi kabla nati hiyo haijakazwa. Huna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza? Nm 216 ni sawa na kilo 22 kwenye mpini wa mita moja. Pima mita moja kutoka katikati ya nati hadi ncha ya bomba, funga pale mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya safari, vuta kwa pembe mraba na mpini mpaka isome 22. Kwa mpini wa nusu mita ni kilo 44. Usikisie kwa uzito wa mwili: nati iliyolegea huachanisha ringi za ndani, na iliyokazwa kupita kiasi hubana gololi mpaka zipate moto. Kisha gonga ukingo wa nati uzame kwenye mfereji wa shafti.

Rudisha tairi, shusha gari, kaza nati za tairi kwa kupishana hadi Nm 103, ambayo ni kilo 21 kwenye mpini wa nusu mita. Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni ya kalipa huenda imerudi nyuma, na pedali ya kwanza inaweza kuzama hadi sakafuni.

Endesha kilomita chache bila kukimbia, zima redio, fungua dirisha. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na habu za pande zote mbili bila kugusa diski. Ile uliyofunga ikiwa na joto kubwa kuliko mwenzake, kuna kinachobana: angalia kalipa kwanza, kisha nati. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati za tairi. Nenda pia kapime alaimenti, hata kama alama zako zililingana, kwa sababu bolti za shokapu zina nafasi ndogo ya kuchezea inayotosha kula tairi upande mmoja.

Na unapopeleka gari kuoshwa, mwombe muoshaji asielekeze bomba la presha moja kwa moja katikati ya habu. Sili huzuia tope na maji ya barabarani. Maji ya presha kutoka umbali wa kiganja hupita.